Duka Hili ni la Nani?

Wapo wengi kati ya wasomaji wa jarida hili ambao walikuzwa na duka. Hatusemi walikuzwa dukani tu. Walikuzwa na duka lenyewe, kwa maana ya kuwa ndilo lililolipa ada ya skuli, likanunua kanzu za Idi, na ndilo lililotoa sukari na majani ya chai kila ilipofika arubaini ya maiti. Sisi ni miongoni mwao, na kwa hivyo tunapouliza duka ni la nani hatuulizi kama wanasheria. Tunauliza kama watoto waliolala juu ya magunia ya mchele na kuamshwa kwenda nyumbani usiku.

Suali hili tulilikwepa kwa miaka mingi. Lililotulazimisha kulikabili ni sheria. Mwaka 2023 Wizara ya Biashara ya Oman ilitoa kanuni za kupambana na kile Waarabu wanachokiita tasattur, yaani biashara ya kificho: leseni ina jina la Muomani, na mwenye kufungua mlango, kuagiza bidhaa na kuweka faida mfukoni ni mtu mwengine, aghlabu mgeni, ambaye humlipa mwenye jina kiasi maalumu kila mwezi. Anayekaa Maskati haihitaji kuelezwa zaidi. Mabakala ya mitaani, ya Al Khuwair, Ruwi, Wadi Kabir, Al Hail na kwengineko, mangapi yaliendeshwa namna hiyo? Hatutataja idadi, lakini kila mtu alikuwa na ami yake au mjomba wake aliyekuwa "na duka" asilolijua bei ya kopo la maziwa.

Nasi tulikuwa nalo.

Tuanze kwa haki na mwanzo wake, maana duka letu halikuanza kwa kificho. Lilifunguliwa Al Khuwair mwaka 1983. Marehemu baba alikuwa amerejea Oman mwaka 1974, miaka minne baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka na kuwaita Waomani wote walioko nje warudi kuijenga nchi. Alikuja kutoka Unguja kwa njia ndefu, akiwa na Kiswahili chake, Kiingereza cha skuli, na Kiarabu ambacho vijana wa hapa walikuwa wakikicheka. Akapata kazi wizarani. Asubuhi alikuwa karani, na baada ya sala ya alasiri muuza duka. Rafu za mwanzo alizipigilia misumari mwenyewe kwa mbao za masanduku. Al Khuwair wakati huo ilikuwa bado inajengwa. Vumbi la lori lilikuwa likiingia mpaka ndani ya gunia la unga. Mama alikuwa akikaanga maandazi nyumbani, tukiyapeleka dukani kwenye sinia lililofunikwa kitambaa, nayo yalikuwa yanakwisha kabla ya magharibi kwa sababu nusu ya mtaa walikuwa watu wa kwetu na nusu nyengine walikwisha kufundishwa kuyapenda.

Mtaji ulitoka wapi? Hapa pana jambo ambalo halikuandikwa popote. Mtaji ulikuwa riyali 1,800, na sehemu kubwa yake ilikuwa bei ya bangili za mama, alizoziuza Soko la Mutrah. Leseni ikaandikwa jina la baba. Alipofariki mwaka 2009 mirathi ikagawiwa kama sheria ilivyo, na mama, kwa kuwa ni mjane mwenye watoto, akapata thumuni. Yaani alipewa sehemu moja katika nane ya dhahabu yake mwenyewe, na sisi watoto tukapokea zilizobakia bila ya hata mmoja wetu kuona ajabu. Sheria ya mirathi haikukosa kitu, kwani hugawa kilichokuwa cha maiti. Tuliokosa ni sisi, ambao hatukuuliza kwanza kipi kilikuwa chake.

Mwaka 1995 aliletwa kijana kutoka Kerala, upande wa Malappuram, kuja kusaidia. Hapa tunawaita Wamalabari. Waislamu wa kwao humwita ndugu mkubwa kwa neno ambalo masikioni mwetu ni "kaka", na kwa vile nasi tuna neno hilohilo kwa maana hiyohiyo, jina likakaa. Hakuna mtaani aliyemjua kwa jengine. Mzee wa miaka sabini alikuwa akimwita Kaka, na mtoto wa miaka mitano vilevile. Baba alimfundisha hesabu za duka na mama alimfundisha Kiswahili, ambacho alikizungumza kwa lafudhi ya kwake lakini kwa matusi safi ya Mji Mkongwe.

Mwaka 2001 baba alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Wakubwa kati yetu walikuwa na kazi za serikali na za benki, wadogo walikuwa vyuoni. Hakuna aliyetaka kusimama nyuma ya meza ya duka mpaka saa tano za usiku. Ndipo ulipofanywa mpango: Kaka ataliendesha duka, atalipa kodi ya nyumba na umeme, atanunua bidhaa kwa fedha zake, na kila mwisho wa mwezi atatupa riyali 100. Faida ikizidi ni yake, na hasara ikija ni yake pia. Katika karatasi za serikali aliendelea kuwa mfanyakazi wetu wa mshahara wa riyali 60, ambao hatukupata kumlipa hata baisa moja, maana yeye ndiye aliyekuwa akitulipa sisi.

Hayo yalikwenda miaka 22. Msomaji mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu: 100 kwa 12 kwa 22, jumla riyali 26,400. Siku zote tuliziita "pesa za duka". Hatukupata kuziita kwa jina lao, ambalo ni pesa za jina.

Zilipokuja kanuni mpya tulikuwa na njia mbili za halali. Ama turudi kuliendesha sisi wenyewe na Kaka awe mfanyakazi kweli, ama tulifunge. Yeye mwenyewe hakuweza kuandikishwa kuwa mwenye duka. Ni kweli kuwa sheria ya mitaji ya kigeni, iliyotolewa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2020, imewafungulia wageni milango mingi ya kumiliki kampuni kwa ukamilifu. Lakini orodha ya shughuli ndogondogo wasizoruhusiwa wageni imekuwa ikirefuka. Kaka alikuwa ameshatimiza miaka 28 hapa, viza ya miaka miwili baada ya viza ya miaka miwili, na umri umemwendea. Akasema anataka kurudi kwao.

Basi tukakaa kitako, ndugu wote na mama, kuamua anastahiki kiasi gani.

Kwa karatasi jibu lilikuwa jepesi. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 inampa mfanyakazi anayeondoka mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi, na ile ya zamani ilikuwa chini ya hapo kwa miaka ya mwanzo. Hata tukimhesabia kwa ukarimu, miaka yote 28 kwa 60, inakuwa riyali 1,680. Ndugu yetu mmoja, ambaye tunampenda na tunaandika haya kwa ruhusa yake, alisema hiyo ndiyo haki yake na ziada yoyote ni sadaka. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema duka lilianzishwa na baba, kwa jina la baba, na mtaa ulimwamini Kaka mwanzoni kwa sababu alikuwa "mtoto wa duka la fulani". Tena Kaka alijua masharti. Alijenga nyumba kwao, akaoza mabinti wawili. Nani alimlazimisha?

Tulitaka kukubali, kwa sababu hoja inayokuachia pesa zako ina utamu wake. Lakini mama alikuwa kimya muda wote, halafu akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta miwani: "Na babu yenu je, duka lake lilikuwa la nani?"

Wasomaji wanalijua duka la babu, hata kama hawajaliona, kwa sababu karibu kila ukoo wetu una lake. La kwetu lilikuwa shamba, Unguja, upande wa Mkokotoni. Babu alikuwa Mmanga, aliyetoka Sharqiya na jahazi la kaskazi akiwa kijana asiye na kitu. Alianza kwa kutembeza papa mkavu, kisha akapata kibanda, kisha duka la mawe na makuti: mafuta ya taa, tumbaku, sukari, kahawa, chumvi, tende zinapokuja, kanga mbili tatu zinazoning'inia. Alipimia watu kwa kibaba na pishi. Alikuwapo kabla ya mwaka 1936, maana alikuwa akihadithia jinsi rupia zilivyoondolewa Unguja na kuletwa shilingi, na wateja wake waliokuwa na deni la rupia walivyobishana naye juu ya hesabu mpya.

Mwezi wa Juni 1961, katika machafuko ya uchaguzi, waliuliwa watu 68, wengi wao Wamanga kama yeye, na wengi katika hao wakiwa watu wa shamba. Yeye aliokoka. Tarehe 12 Januari 1964 hakukuwa tena na cha kuokoa isipokuwa roho. Duka lilivunjwa, likabebwa mpaka mizani, daftari la madeni likachomwa. Jirani aliwaficha siku tatu. Baadaye wakapandishwa jahazi pamoja na wengine kurejeshwa Oman, nchi ambayo watoto wake hawajapata kuiona.

Kwa miaka yote iliyofuata, kauli iliyotulea ilikuwa moja: "Tulinyang'anywa duka letu." Tumeisikia kwenye harusi na kwenye matanga. Na ni kweli, tulinyang'anywa. Aliyepigwa na kuibiwa hawi na makosa kwa kuwa aliyempiga ana historia yake ya kueleza. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaotaka kila msiba uwe na mizani yenye pande mbili sawa.

Lakini miaka ya tisini, njia zilipokuwa zimefunguka, wawili kati yetu walikwenda Unguja wakafika mpaka Mkokotoni. Wakaonyeshwa mahali. Msingi wa mawe bado ulionekana, na ndani yake umeota mpera. Mzee mmoja aliyewapokea, akawavunjia madafu, aliposikia ni wajukuu wa nani alifurahi kweli, akamtaja babu kwa wema na kwa vituko vyake. Kisha akasema, bila ya kinyongo chochote: "Kiwanja kile kilikuwa cha babu yetu. Alimpa babu yenu aweke duka, hakumtoza kodi. Kila Idi alikuwa akituletea chumvi na mafuta ya taa." Akaongeza jengine, akicheka: kwamba babu yetu alikuwa akinunua mbata kabla nazi hazijaangushwa, kwa bei ya mtu mwenye njaa, na kuwa nusu ya minazi ya pale ilikuwa ikiishi ndani ya daftari lake.

Hilo nalo hatukulitia katika kauli yetu ya harusini.

Tulipokuwa tukibishana juu ya Kaka, basi, mama alituonyesha kitu ambacho tungepaswa kukiona wenyewe. Kule Unguja tunasema duka lilikuwa letu kwa sababu babu alilifanyia kazi, ijapokuwa kiwanja hakikuwa chake na yeye alikuwa mgeni. Huku Maskati tunasema duka ni letu kwa sababu jina ni letu, ijapokuwa mwenye kulifanyia kazi ni mwengine. Haiwezekani tushinde kesi zote mbili. Ikiwa kazi ndiyo inayomilikisha, Kaka ana duka. Ikiwa karatasi ndiyo inayomilikisha, basi serikali ya mwaka 1964, iliyojiandikia karatasi zake, haikutunyang'anya kitu.

Mwanafalsafa wa Kiingereza, John Locke, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, anasifika kwa kusema kuwa mtu hukifanya kitu chake kwa kukichanganya na kazi yake. Wengi huishia hapo wakamsifu. Lakini katika mafunzo yaleyale, mahali palepale, anahesabu majani yaliyokatwa na mtumishi wake kuwa ni mali yake yeye Locke. Kazi inamilikisha, isipokuwa kazi ya mtumishi! Tulipolisoma hili tulicheka, kwa sababu ni maneno ya ndugu yetu kabisa, yamevaa wigi. Suali lote limejificha ndani ya neno hilo moja, mtumishi. Mtu akishapewa jina hilo, jasho lake linahamia kwa mwengine. Kaka alikuwa mtumishi kwenye karatasi tu, lakini karatasi hiyo ndiyo tuliyokuwa tunataka kuitolea hukumu.

Masheikh wetu wana njia safi zaidi ya kuliendea jambo hili. Katika fiqhi upo mkataba wa mudharaba: mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi, faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana, la nusu au thuluthi, na hasara ya mali ni ya mwenye mali. Sharti lake ni kuwa mwenye mali hawezi kujiwekea kiasi maalumu ambacho atalipwa faida ipatikane isipatikane. Sasa tujiangalie. Sisi tulijiwekea riyali 100 tukalala. Mwaka 2007, kilipopita kimbunga Gonu na maji yakajaa mpaka rafu ya pili, mchele na sukari vikageuka uji, Kaka alitulipa riyali 100. Mwaka 2020, wakati wa korona, milango imefungwa saa za usiku na wateja nusu wamerudishwa makwao, alitulipa riyali 100. Wala hatukuwa na mali ndani. Bidhaa za baba zilikwisha kuuzwa zamani, na kila kilichokuwa rafuni alikinunua yeye. Kilichokuwa chetu mle ni heshima ya kuwa raia. Wanazuoni wa zamani walijadiliana iwapo mtu anaweza kuchukua malipo kwa ajili ya jaha yake, yaani hadhi yake mbele ya wakubwa, na wapo waliolichukia jambo hilo sana. Hatutajifanya mamufti. Ila hatukupata mmoja aliyeliita ni biashara.

Hapa mtu atasema: mbona nchi nyingi zina haki ya kuwalinda wenyeji wao? Hilo ni kweli, na hatulipingi. Kijana wa Kiomani asiye na kazi ana haki ya kuuliza kwa nini mtaa mzima wa maduka haumjui, na kanuni za mwaka 2023 zilimkusudia yeye. Tunachosema ni kuwa watu wa kwetu, zaidi ya wengine, wanajua upande wa pili wa sheria hizi unavyouma. Kenya mwaka 1967 ilitoa sheria ya leseni za biashara iliyowafungia wasio raia maeneo na bidhaa fulani. Mara moja akapatikana raia wa kuweka jina lake ukutani huku Mhindi yuleyule akikaa nyuma ya meza. Uganda mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90, na maduka yakagawiwa watu ambao wengine wao hawakujua kuagiza bidhaa zilipokwisha. Tanzania Bara mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, na vijiji vingi vikabaki bila chumvi wala sabuni mpaka amri yenyewe ikalegezwa. Kila mara serikali iligundua jambo lilelile, kwamba inaweza kutaifisha rafu na mizani, lakini kuna kitu dukani ambacho hakishikiki.

Kitu hicho ni nini? Sisi tulikiona kwa macho.

Kaka alikuwa na daftari la deni, kubwa, la jalada jekundu, namba za nyumba badala ya majina: "villa ya mlango wa kijani", "mama wa mapacha", "dereva Sohar". Jumla yake ilikuwa kiasi cha riyali 1,100. Tulimwambia kwa ukarimu, au tulivyodhani ni ukarimu, kuwa madeni hayo tutayakusanya sisi kisha tutampelekea. Mmoja wetu akazunguka nalo jioni mbili. Alirudi na riyali 40. Watu hawakumtukana, walimkaribisha chai. Lakini bibi mmoja, Mzanzibari mwenzetu, alimwambia maneno ambayo ndugu yetu alitusimulia huku amekunja uso: "Mwanangu, mimi sidaiwi na nyinyi. Nadaiwa na Kaka."

Siku ya tatu Kaka alizunguka mwenyewe, miguu mitupu ndani ya ndara, na habari kuwa anaondoka ilikuwa imeshaenea. Kwa muda wa wiki moja walilipa karibu wote. Walilipa hata waliokuwa wamekwama miaka mitatu. Yupo aliyetuma pesa kutoka Salala. Yupo aliyeleta mtoto wake mwenye ndevu, akasema: huyu ndiye aliyekuwa akija kuchukua Chips Oman na porota kila siku akitoka skuli, akiandikisha bila ya mimi kujua, niambie ni kiasi gani. Kaka akasema hakumbuki. Tuna hakika alikuwa anakumbuka.

Aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani ni ya deni, na inaamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi. Na kabla yake kidogo ipo inayoamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Mtu anayeweza kuzishika aya zote mbili kwa wakati mmoja, aandike na angoje, ndiye muuza duka. Anayeandika tu ni karani wa mahkama, na asiyeandika kabisa atafilisika kabla ya Ramadhani. Baba aliliweza hilo, na babu pia kwa namna yake, licha ya yale mambo ya mbata. Sisi watoto hatukuliweza, na ndiyo maana mtaa ulikataa kutulipa.

Hatusemi kuwa mgeni siku zote hubaki mgeni. Ukoo wa Khimji Ramdas ulianza biashara Maskati mwaka 1870 ukitokea Mandvi, Kutch, na leo ni raia. Mkubwa wao, Kanaksi Khimji, aliyefariki mwaka 2021, alipewa na Sultani Qaboos cheo cha sheikh ilhali ni Mhindu. Ndivyo ilivyokuwa Zanzibar pia, ambako Seyyid Said aliwakodisha forodha nzima watu wa nyumba ya Jairam Shivji. Mlango wa kuingia nyumbani upo, lakini aghlabu hupimwa kwa ukubwa wa mzigo. Hatujasikia aliyepewa uraia kwa ajili ya kukopesha maziwa miaka 28.

Tulibishana majuma mawili. Tulitaja nusu ya zile 26,400. Tulitaja robo. Dada yetu alisema tuondoe kwanza bangili za mama, ambazo kwa bei ya dhahabu ya leo zingetufilisi sisi na Kaka pamoja. Mama akasema bangili zake amezisamehe, lakini afurahi kwamba hatimaye zimetajwa. Kisha akatukumbusha wasia wa babu. Wazee wengi wa Kiibadhi huandika katika wasia kiasi fulani kitolewe kwa ajili ya dhamana walizonazo wasizowajua wenyewe, yaani haki za watu zilizowapitia mikononi bila ya kujulikana za nani. Babu aliandika hivyo naye, na sisi tulidhani ni maneno ya desturi tu, kama salamu za barua. Mama alisema aliwahi kumuuliza, na yeye akamjibu kwa neno moja: "Kiwanja."

Mwisho tulikubaliana riyali 7,000, tukiongeza na zile 1,680 za sheria. Hatudai kuwa ni haki kamili. Ndicho tulichoweza kukitoa kwa pamoja bila ya ndugu kuvunjika undugu, na wengine kati yetu bado wanaona ni kidogo, na mmoja anaona ni kingi. Hakuna falsafa iliyotupa namba. Bidhaa zilizobakia tulizinunua kwa bei yake aliyotaja, hatukuomba kupunguziwa.

Alikuja nyumbani usiku wa mwisho. Tulikuwa tumejiandaa kwa machozi na kukataa kwake, na maneno ya kumbembeleza tulikuwa nayo tayari. Hakukataa. Aliichukua bahasha, akaziweka noti juu ya meza, akazihesabu moja moja kwa kidole kilicholowa mate, kama alivyohesabu mbele yetu kila mwisho wa mwezi. Zikawa sawa. Akauliza: "Hizi za nini?" Ndugu yetu akasema, "Zawadi, Kaka." Mama akasema, "Deni." Wakasema karibu pamoja.

Yeye akachana karatasi katika lile daftari jekundu, akaandika stakabadhi: tarehe, kiasi kwa tarakimu, na chini yake mstari mmoja kwa Kimalayalam, kisha akatia saini. Karatasi hiyo ipo kwenye mtoto wa meza, pamoja na leseni ya zamani. Al Khuwair imejaa watu wanaoweza kutusomea mstari ule, na mpaka leo hatujampelekea hata mmoja.